Paneli Bila Betri

Jua lilipotokeza upande wa Kisumu na kugusa bati, kile kidude cha sola cha ukutani kililia mara moja, tii, na friza ikaanza kunguruma. Metrine Nanyama hakuhitaji saa. Friza ikiamka, naye huamka. Alijifunga leso, akafungua kifuniko, akapapasa chupa za maji alizogandisha jana. Zilikuwa zimeyeyuka pembeni lakini katikati bado zilikuwa na moyo mgumu. Barafu hiyo ndiyo iliyolinda samaki wake usiku kucha, kwa sababu paneli zilizokuwa juu ya nyumba hazikuwa na betri. Jua likizama, kila kitu ndani ya nyumba ile kilikufa kikangoja asubuhi.

Kila kitu isipokuwa mume wake.

Enos Wechuli alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, gambuti miguuni, rungu magotini, akitazama ziwa. Nyumba yao iko Kisian, juu kidogo ya barabara ya Busia, na kutoka hapo maji yote ya ghuba yanaonekana hadi ng'ambo. Magugu ya maji yalikuwa yamesogea usiku. Jana yalikuwa upande wa Usoma, leo yako katikati, kama shamba lililohama bila kuaga mtu. Enos aliyaona yakihama. Hakuna kitu cha usiku kilichompita.

Alikuwa soja, mlinzi wa usiku, huko Milimani mjini Kisumu, kwa bwana mmoja, muda mrefu hadi watoto aliowafungulia geti wakienda nasari alikuja kuwafungulia wakiendesha magari yao wenyewe. Sasa alikuwa amestaafu, ama amestaafishwa, lakini hakuna aliyeyaambia macho yake. Mchana alilala kama gogo. Giza likiingia macho yalifunguka yenyewe.

"Umelala hata kidogo?" Metrine aliuliza.

"Nimelala macho wazi."

"Hivyo ndivyo samaki wangu wanalala," Metrine alisema, "na wao wamekufa."

Enos akacheka kwa pua. Alikuwa karibu kuingia ndani kulala wakati waliposikia mtu akipanda njia ya mawe akihema. Alikuwa Bwana Obonyo, naibu wa chifu, na mfuko wa nyama mkononi. Alipita moja kwa moja hadi kwenye friza. Hakuwahi kuuliza bei ya baridi.

"Mama, hii ni ya wageni. Iweke chini kabisa. Isikae na omena."

"Omena haiingii friza, Bwana Obonyo. Hapo kuna mbuta na ngege."

"Basi isikae na hao."

Akaifuta mikono yake kwa leso ya Metrine iliyokuwa kwenye kamba, akatoka nje, akavuta kigoda karibu na Enos.

"Mzee, leo nimekuja kama rafiki."

Enos alishika rungu vizuri. Kiongozi akija kama rafiki, kuna jambo.

"Watu wamekuja kwangu. Mama Emmaculate, na wale wa karibu na kanisa. Wanasema kuna mtu anatembea usiku. Anashika mlango, anautikisa, anaenda. Hasemi kitu. Na wewe umekaa huku, unajua hiyo tunaita nini."

Enos alijua. Jajuok. Mtu wa mchana kama watu wengine, anayeamkia majirani na kwenda kanisani, lakini usiku hukimbia uchi kwenye boma za watu, akirusha mchanga kwenye mabati na kusugua mgongo milangoni. Kwao Kimilili pia walikuwepo, na jina lao lingine. Pande zote mbili, mtu akitajwa hivyo, hakuna wakili wa kumtetea.

"Nilikuwa naangalia kufuli," Enos alisema.

"Kufuli gani?"

"Zao. Mama Emmaculate husahau ile ya kuku. Natikisa tu, nijue kama imeshika. Halafu naenda ya jirani."

Obonyo alimtazama kwa muda. "Mzee. Nani alikutuma?"

Hakuna aliyemtuma. Miaka yote ile alikuwa akizunguka uwanja wa Milimani akitikisa kufuli ya stoo, ya gereji, ya mlango wa jikoni, halafu anaanza tena. Mkono ulijifunza. Huku Kisian miguu iliondoka yenyewe, na mkono ukaifuata, na yeye mwenyewe alikuwa katikati kama mtu anayeota, akisikia tu vyuma vikigonga, kah, kah, na moyo ukitulia kila kufuli ikikataa kufunguka. Hakuwahi kufikiri kuhusu mtu aliyelala upande wa pili wa mlango.

"Jumamosi ni baraza," Obonyo aliendelea. "Wakikutaja pale mbele ya watu, mimi siwezi kuwashika mdomo. Na wewe ni jamwa, mtu wa kuja. Wanaweza kusema mrudi kwenu."

"Kwetu ni hapa," Metrine alisema kutoka mlangoni. "Tulinunua."

"Najua, mama. Karatasi zenyewe niligonga mhuri mimi. Lakini mhuri hauzuii moto."

Friza ilinguruma ndani. Kunguru alitua juu ya paneli, akateleza, akaruka.

"Nisikizeni," Obonyo alisema kwa sauti ya chini. "Wekeni taa. Si hako katoto ka taa mnaanika kwa jua, hako kanazimika kabla watu walale. Taa kubwa, hapa nje, iwake mpaka asubuhi. Mzee akae chini yake watu wamwone. Jajuok anaogopa taa. Mtu amekaa kwa taa, ana chai yake, nani atamwita jajuok?"

"Na nguzo za stima zimeishia kwa kanisa," Metrine alisema. "Tulijaza fomu mpaka tukasahau."

"Si mko na sola?"

"Sola bila betri, bwana. Taa ya mchana."

"Hiyo sasa ni mambo yenu." Obonyo aliinuka. "Nyama nitatuma mtu jioni."

*

Betri ilikuwa imezungumzwa katika nyumba ile tangu siku paneli zilipopandishwa. Metrine ndiye alikuwa akikataa. Usiku ni wa kulala, alisema. Pesa ikipatikana, heri friza ya pili, kwa sababu friza inazaa na taa haizai. Enos alikuwa akinyamaza. Hakujua kumweleza mke wake kwamba usiku ulikuwa chumba alichokaa yeye, na kwamba alichoka kukaa chumba kisicho na taa.

Asubuhi ile Metrine hakusema kitu kuhusu friza ya pili. Alifunika samaki kwa gunia, akavaa viatu vya kanisani, akasema, "Twende."

Enos alifika mjini akiwa nusu usingizini. Kwake mchana wote wa Kisumu ulikuwa ndoto: joto likipanda kutoka lami, sauti zikija kutoka mbali, watu wakipita na magodoro kichwani kama mawingu. Metrine alimshika mkono wa shati na kumvuta hadi duka la Ravinder, nyuma ya soko la Kibuye, mahali panapouzwa nyaya na vyombo vya sola.

"Omera soja!" Ravinder aliita kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa Singasinga mnene mwenye kilemba cha rangi ya zambarau, na alimjua Enos tangu duka likiwa la baba yake. "Bado hujafa?"

"Nangoja wewe utangulie, unionyeshe njia."

"Ha! Mama, huyu mzee wako unamlisha nini?"

"Samaki kichwa," Metrine alisema. "Tunataka betri."

Ravinder akaacha kucheka, akauliza maswali yake. Paneli ngapi, inveta ya aina gani, taa iwake kwa muda gani. Aliposikia hadi asubuhi, kila siku, alikuna ndevu.

"Ile ndogo ya gari usinunue. Itakufa na utakuja kunilaani hapa mbele ya wateja. Unataka hii." Akagusa sanduku jeupe lililokuwa rafuni, zuri kama jokofu la wanasesere. Akataja bei.

Metrine akaomba airudie. Akairudia.

"Mwezi wa pili haikuwa hivyo!"

"Mwezi wa pili kulikuwa na ushuru mwingine, mama. Hawa watu wa Nairobi wakiamka vibaya, mimi ndio nabandika bei. Mimi pia nalia."

"Unalia na hiyo tumbo?"

"Tumbo ni ya machozi." Kisha akashusha sauti. "Nikwambie ukweli. Leta friza yako. Kama ni nzima nachukua, unaenda na betri, unaongeza kidogo tu."

Metrine alilitazama lile sanduku jeupe. "Leta gari kesho," alisema.

"Hapana," Enos alisema.

Ilikuwa sauti ya usiku, sauti ya getini, hata Ravinder akanyooka. "Friza ndiyo inatulisha. Nikae chini ya taa, watu wanione nikifa njaa?"

"Heri wakuone ukifa njaa kuliko wasikuone wakikuchoma!"

Mteja mmoja aligeuka. Metrine akafunga mdomo kwa leso. Enos alitazama viatu vyake, halafu akatazama sanduku.

"Ziko betri zangu," alisema polepole. "Kwa Bwana Gordon, kule nilikuwa soja. Zile zilikuwa na paneli zetu."

*

Milimani miti imeshikana juu ya barabara, na hata saa saba mchana kuna kivuli cha kijani kama chini ya maji. Enos alitembea kwa mwendo aliouzoea, upande wa kushoto, karibu na ukuta. Getini hapakuwa na mtu. Taa za ukutani zilikuwa bado zinawaka, zote kumi na mbili, mchana huo mweupe, na mkono wake ukamwasha kwa hamu ya kuzizima.

Bwana Gordon alikuwa mtu wa tenda. Aliuzia maofisi viti, karatasi, na mara nyingine hewa. Aliwapokea barazani, simu sikioni, akawaonyesha viti kwa kidole. Alipomaliza simu akafurahi kweli kweli.

"Enos! Mungu amekuleta. Wale wa kampuni nimewafukuza wiki hii. Wanalala! Nalipa watu kulala! Nikasema, mtu ambaye namjua halali ni mmoja tu."

"Bwana, nimekuja juu ya betri."

"Betri gani?"

"Za paneli. Ulipoweka sola mpya."

"Ahaa. Ziko stoo. Bado zinashika vizuri, hizo." Akafikiri, akitikisa mguu. "Lakini paneli nilikupa, si ndiyo? Kiinua mgongo."

"Ulimpa," Metrine alisema. Enos alimgusa kiwiko lakini hakukoma. "Siku hiyo nilishukuru, nikaimba. Halafu jua likazama. Umempa mtu mpini, jembe ukabaki nalo. Huyu alikufanyia kazi usiku, Bwana Gordon. Usiku tu. Na ukamlipa na mchana."

Bwana Gordon akacheka, akampigia makofi. "Enos, huyu mama angekuwa wakili. Sawa. Haki iko. Tufanye hivi. Chukua zote mbili. Leo. Gari yangu itawapeleka mpaka mlangoni, fundi atafunga."

Metrine alitoa macho.

"Na wewe," Bwana Gordon alimgeukia Enos, "unaanza Ijumaa jioni. Saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili, kama zamani, na chumba chako cha hapa kipo. Betri tutahesabu kama mshahara wa mwanzo. Miezi kadhaa hivi. Tutaona."

Maji ya kumwagilia maua yalikuwa yakizunguka kwenye nyasi, tsi, tsi, tsi. Enos aliyasikiliza. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa macho kabisa.

"Nitafikiri, bwana."

"Fikiria hapo nje. Mimi natoka saa nane."

Walisimama nje ya geti, chini ya ukuta. Metrine ndiye aliyeanza.

"Hapana. Sikiza, Baba. Taa itawaka nyumbani, na wewe uko huku. Itakuwa taa ya nani?"

"Yako. Na friza itanguruma usiku kucha. Hutagandisha chupa tena."

"Na kama hutakuwepo usiku, hao watu watakuwa na shida gani na wewe? Jumamosi inapita. Hatuhitaji taa."

"Nikiondoka na milango ikome kutikisika, watasema nini? Watasema ilikuwa yeye, ameenda kukimbia kwingine. Siku nikirudi nyumbani, hata kwa matanga, watanitafuta." Enos aliongea akitazama ukuta. "Taa iwake pale. Waone nyumba haijifichi. Nikirudi nikae chini yake."

"Utarudi lini?"

Enos alisema kitu kingine, taratibu, kama mtu anayekumbuka ndoto kabla haijapotea. "Unajua, mama, huku nikiwa macho ni kazi. Kule nikiwa macho ni uchawi. Macho ni haya haya."

"Ulitaka usiku wako. Mimi nilijua. Nilikuwa najifanya sijui."

"Ndiyo."

"Sasa unauuza tena."

"Kwa betri mbili," Enos alisema, na wakacheka wote wawili, vibaya, hadi Metrine akalazimika kujifuta macho. Kisha Enos akagonga geti kwa rungu, mara tatu, vile alivyozoea.

*

Jumamosi barazani mambo yalikwisha haraka kuliko nyama ya Obonyo. Mama Emmaculate alisimama akaeleza habari ya mlango wake. Wengine wakaguna. Obonyo akasafisha koo, akasema kwamba Mzee Wechuli hayupo kwa sababu ni mtu wa kazi, ni soja kwa mtu mkubwa Milimani, na kwamba hata zile kufuli alikuwa anaziangalia kwa mazoea ya kazi.

"Aaa, ni soja!" mtu alisema. "Si mngesema?"

"Kumbe ni soja."

Metrine alikuwa amekaa nyuma, mikono magotini. Aliona jinsi neno lilivyopita kutoka uso hadi uso kama sahani ya sadaka, na kila uso ukilegea. Mtu ni yule yule, gambuti ni zile zile. Baraza ilipoisha Mama Emmaculate alimfuata, akamshika mkono, akamwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo.

"Pole, nyar Bungoma. Sikujua. Lakini sasa," akasita, akaona haya, "ile kufuli ya kuku. Nani ataiangalia?"

"Angalia mwenyewe, mama," Metrine alisema. "Yeye usiku wake umenunuliwa."

Jioni hiyo fundi alimaliza kufunga waya wa mwisho. Jua lilizama nyuma ya vilima vya Seme, na kwa mara ya kwanza friza haikunyamaza. Metrine alibaki amesimama jikoni akiisikiliza, kama mtu anayesikia mgeni akipumua chumba cha pili. Halafu akatoka nje, akabonyeza swichi. Taa ikawaka juu ya mlango, nyeupe, ikamwagika kwenye mawe hadi njiani. Sami wakaanza kufika kutoka ziwani, wadudu wadogo, wingi wao kama moshi, wakazunguka mwanga. Chini yake kulikuwa na kiti cha plastiki kitupu.

Ng'ambo ya ghuba, Enos alikuwa amefanya mzunguko wake wa kwanza wa usiku huo. Stoo imefungwa. Gereji imefungwa. Mlango wa jikoni umefungwa. Bwana Gordon na familia walikuwa wametoka kwenda harusini. Enos alipanda ngazi za tangi la maji nyuma ya nyumba, mahali panapoonekana ziwa, akatazama upande wa Kisian.

Hakuona kitu. Taa za ukutani, zote kumi na mbili, zilimpiga machoni. Alijikinga kwa kiganja. Mbele yake kulikuwa na weupe tu, na nyuma ya weupe maji meusi.

Walikuwa wamepatana. Giza likishika sawasawa Metrine angezima taa, ahesabu pole pole hadi kumi, halafu aiwashe, ili Enos ajue taa yao ni ipi. Giza lilikuwa limeshashika.

Enos alishuka. Alisimama mbele ya sanduku la swichi karibu na gereji. Kwa miaka yote ile kazi yake ilikuwa kuhakikisha taa hizo hazizimiki hata moja, na akikuta imeungua alikuwa akiandika jina lake kwamba ameiona. Alifungua kifuniko. Alitazama geti, akatazama madirisha matupu. Halafu akashusha swichi zote kwa kiganja kimoja, mara moja, kama mtu anayefumba macho ya maiti.

Nyumba ikapotea. Ua ukapotea. Miti ikarudi kuwa miti, na sauti ya vyura ikapanda kutoka ziwani. Alipanda tangi tena bila tochi, akipapasa, mzee wa gambuti gizani kwenye boma la mtu, na kama jirani angechungulia wakati huo angempigia kelele.

Taa za wavuvi wa omena zilikuwa zimeanza kuelea mbali, mji mdogo unaotikisika. Juu yake, kwenye mteremko mweusi, kulikuwa na nukta chache zisizotikisika. Akazipitia moja moja. Moja ikazimika. Akashika pumzi, midomo ikihesabu. Ikawaka.

Alikaa chini juu ya zege lililokuwa bado na joto la mchana, rungu kando, akiitazama. Betri mpya za Bwana Gordon zilikuwa zimejaa pale chini, na hazikuwa na kazi. Hakuharakisha kwenda kuwasha zile taa kumi na mbili.